Picha Ijitumayo Yenyewe: Kamera, Kijito na Saa

Mwaka 1991 wataalamu wa maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walielekeza kamera kwenye birika la kahawa, ili kila mmoja aweze kuona kutoka chumbani mwake kama kahawa ingalimo. Picha yake ilikuwa ndogo, pikseli 128 kwa 128, tena isiyo na rangi. Mnamo Novemba 1993 iliunganishwa na wavuti, ikatazamwa na watu wa nchi nyingi hadi kamera ilipozimwa tarehe 22 Agosti 2001. Shabaha ilikuwa ndogo, lakini kanuni yake ni kubwa: kamera hukesha mahali ambapo mtu hawezi kukesha.

Kanuni hiyo yaweza kutufaa hata Majimoto, mkoani Katavi. Katika sehemu hizo maji hubadilika sana kwa majira. Mto Katuma, upitao katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, hupungua wakati wa kiangazi hata viboko wakasongamana katika madimbwi machache. Mvua zinaponyesha hufurika mbugani. Tuchukulie kwamba wanafunzi wa sekondari wamesimika nguzo yenye alama za sentimita katika kijito cha jirani, wakaielekezea kamera iliyounganishwa na kompyuta. Wakulima wa mpunga hutazama picha kwa simu kabla ya kuvuka. Je, mtambo huo upangwe namna gani?

1. Muda kati ya picha na picha. Muda huu hapana budi uwe mfupi kuliko muda ambao maji huhitaji ili kupanda. Kijito kiwezacho kujaa kwa nusu saa hakifuatiliwi kwa picha moja kila saa. Tuchague dakika 5. Kwa siku zitapatikana picha 12 × 24, yaani 288. Kila picha ikiwa na kilobaiti 60, zitatumwa kilobaiti 17,280, yaani megabaiti 17 hivi kwa siku. Hesabu hii ifanywe kabla ya kununua kifurushi cha intaneti.

2. Anwani na neno la siri. Programu ya kamera huulizwa mambo manne: anwani ya seva, jina la mtumiaji, neno la siri, na folda ya kuwekea picha. Utaratibu wa zamani wa kupeleka mafaili, FTP, ulioanza mwaka 1971, hupitisha neno la siri wazi, hata aliye njiani aweza kulisoma. Afadhali kutumia SFTP, ambao hulificha.

3. Jina la faili. Tukitumia jina moja siku zote, mathalan kijito.jpg, kila picha mpya hufuta iliyotangulia, na ukurasa wa tovuti hauhitaji kubadilishwa. Lakini mtazamaji aweza kuikuta picha nusu, kwa kuwa inaendelea kupokelewa. Dawa yake ni kuipeleka kwa jina la muda, kisha, ikiisha kufika nzima, kuibadili jina.

4. Saa. Hapa ndipo penye hatari. Mtandao ukikatika saa 8 mchana, picha ya mwisho hubaki kwenye tovuti, safi kama ilivyokuwa. Mtu aitazamaye saa 11 jioni huona maji ya magotini, kumbe mafuriko yamekwisha fika. Kamera haikusema uongo. Iliyopotosha ni picha isiyo na saa. Kwa hiyo tarehe na saa ziandikwe juu ya picha yenyewe wakati inapopigwa, wala si wakati inapofika kwenye seva. Tena ukurasa upangwe kutoa onyo picha ipitishapo dakika 15.

Saa yenyewe pia yahitaji uangalifu. Seva nyingi hufuata saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3. Tena kompyuta huhesabu tangu usiku wa manane, nasi twahesabu tangu kuchwa na kucha kwa jua. Saa yetu 8 mchana ni 14:00 kwa kompyuta ya Tanzania, na 11:00 kwa seva ya namna hiyo. Asiyejua tofauti hii aweza kusoma 11:00 akadhani ni saa 11 jioni! Basi iandikwe wazi: “saa 8:00 mchana”.

Maswali

(a) Kamera ikipiga kila dakika 10, kwa saa 12 za mchana tu, itatuma kilobaiti ngapi kwa siku?

(b) Picha imeandikwa 05:30 kwa saa ya dunia. Ni saa ngapi Majimoto kwa hesabu yetu ya Kiswahili?

(c) Kwa nini haitoshi kuandika saa ambayo picha ilipokelewa na seva?

Majibu: (a) picha 72, kilobaiti 4,320; (b) saa 2:30 asubuhi; (c) picha iliyocheleweshwa na mtandao ingeonekana mpya, hali ni ya zamani.