Kipimo Kimoja kwa Wote

Watu wawili wakipima kitambaa kimoja kwa dhiraa, kila mtu kwa mkono wake, hawapati hesabu moja, maana mikono yao si sawa. Dukani hasara yake ni fedha kidogo. Katika dawa hasara yake yaweza kuwa uhai wa mtu.

Mwaka 1921, katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada, Frederick Banting na Charles Best walipata katika kongosho la mnyama dawa ya ugonjwa wa kisukari. Dawa hiyo ikaitwa insulini. Mwezi wa Januari 1922 alidungwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa karibu kufa. Dawa ilipokwisha kusafishwa vema zaidi, akadungwa tena, akapata nafuu.

Lakini furaha hiyo ilikuwa na hatari ndani yake. Insulini ikiwa kidogo haimfai mgonjwa. Ikizidi, sukari ya damu hushuka mno, naye hutetemeka, huzimia, na pengine hufa. Je, ipimweje? Mizani haikutosha, kwa kuwa dawa ilikuwa imechanganyika na vitu vingine. Basi wataalamu waliipima kwa kazi yake: walimdunga sungura, wakatazama sukari ya damu yake imeshuka kiasi gani. Kiasi cha dawa chenye nguvu iliyowekwa kiliitwa yuniti moja.

Hapo ndipo palipokuwa na kosa. Sungura si mawe ya mizani. Huyu ni mwepesi kudhurika, yule ni mgumu. Tena yule yule wa jana, leo si sawa. Kwa hiyo yuniti ya mji mmoja haikulingana na yuniti ya mji mwingine.

Henry Dale, mtaalamu wa Uingereza, alishauri iwekwe insulini moja iliyo kavu, iwe kielelezo cha wote. Mwaka 1925 ilikubaliwa kwamba miligramu 1 ya unga huo ni yuniti 8. Tangu hapo aliyetengeneza dawa mpya aliwadunga sungura wengine dawa yake, na wengine unga wa kielelezo, kisha akalinganisha. Sungura wakiwa wepesi kudhurika, dawa zote mbili huonekana kali vilevile. Lakini tofauti iliyo kati yake haifichiki.

Siku hizi insulini hupimwa kwa mashine, lakini ingali ikihesabiwa kwa yuniti. Nalo Shirika la Afya Duniani, lililoundwa mwaka 1948, huweka vielelezo vya dawa na chanjo nyingi.

Basi, watu wawili wakichunguza jambo moja, nao wasipatane, msiseme upesi kwamba mmoja ni mwongo. Ulizeni kwanza: Je, walipima kwa kipimo kimoja?

MASWALI
1. Kwa nini mizani haikutosha kupima insulini?
2. Unga wa kielelezo uliondoa kosa gani?
3. Pimeni urefu wa meza kwa shubiri, kila mtu kwa mkono wake. Kisha pimeni kwa rula moja. Mwaona nini?