Jani la Huacatay

Katika Amerika ya Kusini iko safu ya milima mirefu sana, iitwayo Andes. Milima hiyo hupita katika nchi za Peru na Bolivia, na huko hukaa Waquechua, ambao wamelima viazi tangu zamani za kale. Viazi vitupu havina ladha nyingi. Kwa hiyo watu hao waliitazama mimea iliyoota karibu nao, wakajifunza ni upi ufaao kukoleza chakula. Mmoja katika mimea hiyo ni huacatay, na jina hilo hutamkwa "wakatai".

Mmea huu huota, huchanua na kufa katika mwaka mmoja. Majani yake yamechanika-chanika kama manyoya ya ndege, na yakisuguliwa hutoa harufu kali, kana kwamba mrehani na nanaa vimepondwa pamoja. Katika mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliupa jina la Kilatini Tagetes minuta. Maana ya minuta ni "ndogo". Mtu akiuona mmea umempita kichwa, kwani waweza kufika mita 2, atalistaajabia jina hilo. Lakini kilicho kidogo ni ua lake.

Katika mji wa Arequipa, nchini Peru, majani haya hutiwa katika mchuzi uitwao ocopa. Mpishi hukaanga pilipili kavu pamoja na vitunguu na vitunguu saumu. Kisha huvisaga na karanga, jibini, maziwa, na majani ya huacatay, mpaka upatikane mchuzi mzito. Mchuzi huo humwagwa juu ya viazi vilivyochemshwa na kukatwa vipande. Zamani kazi ya kusaga ilifanywa juu ya jiwe kubwa bapa, kwa jiwe la pili lililoyumbishwa huku na huku, na wako wafanyao hivyo hata leo. Mpishi mzuri hutumia majani kwa kiasi, maana yakizidi huleta uchungu.

Siku za sherehe hupikwa pachamanca. Katika lugha ya Kiquechua pacha ni ardhi, na manca ni chungu. Basi maana yake ni "chungu cha ardhi". Watu huchimba shimo, wakapasha mawe moto mpaka yawe makali kabisa. Nyama huwa imekwisha pakwa huacatay iliyosagwa pamoja na pilipili na viungo vingine. Viazi, viazi vitamu, nyama na maharagwe mapana hupangwa juu ya mawe, hufunikwa kwa majani, kisha kwa udongo, ili mvuke usitoke. Shimo likifunuliwa, harufu hutangulia chakula, na jirani aliye mbali hujua kwamba karamu iko tayari.

Sasa, mmea huu haukukaa Andes peke yake. Mbegu zake ni ndogo, nyeusi, na hushika katika nguo na manyoya ya wanyama. Tena mmea mmoja huzaa mbegu maelfu. Hivyo umesafiri pamoja na watu na mizigo yao hata ukaenea Afrika. Katika Afrika ya Kusini huitwa khakibos, yaani kichaka cha kaki, kwa kuwa watu waliufikiria pamoja na askari wa Kiingereza waliovaa kaki katika vita vya mwaka 1899 mpaka 1902. Wakikuyu wa Kenya huuita mubangi. Majani yake yafanana na ya bangi, ingawa mimea hiyo si ya ukoo mmoja.

Katika mashamba ya nyanda za juu za Kenya na Tanzania, mkulima huung'oa mmea huu na kuutupa. Ana haki, maana huyasonga mahindi yake, na ng'ombe akiula, maziwa hunuka. Lakini hata huku wako walioona faida yake. Wafugaji wengine hutandika matawi yake katika viota vya kuku ili kufukuza viroboto. Wataalamu nao wamegundua kwamba mizizi yake hutoa sumu inayoua minyoo midogo ya udongoni, ile iharibuyo mizizi ya mazao.

Jambo la kufikiri ni hili. Viazi ambavyo watu huviita vya Ulaya asili yake ni milima ile ile ya Andes. Karanga nazo zimetoka Amerika ya Kusini. Vyakula hivyo vililetwa kwa mikono ya watu waliojua matumizi yake, vikapokewa mezani. Huacatay ilikuja kwa kujificha katika mizigo, bila mtu wa kueleza jinsi ya kuipika. Basi ikaitwa gugu. Mmea ni ule ule. Tofauti ni maarifa ya watu.

Hata hivyo, mwenye akili hali jani kwa sababu amesikia habari yake tu. Majani mengi hufanana, na mengine yana sumu. Tena mafuta ya huacatay yaweza kudhuru ngozi ikipigwa na jua. Waquechua hawakuyapata maarifa yao kwa siku moja: wazee waliwafundisha watoto, na watoto wakawafundisha wana wao. Kabla ya kudharau jani, au kulitia chunguni, ni vema kwanza kumwuliza ajuaye.

Maswali
1. Kwa nini pachamanca huitwa "chungu cha ardhi"?
2. Mbegu za huacatay husafirije?
3. Taja hasara mbili na faida mbili za mmea huu kwa wakulima na wafugaji.
4. Kwa nini viazi vilipokewa mezani, lakini huacatay ikaitwa gugu?