Mkojo wangu safi, je, damu?

SWALI: Daktari, nayeyusha betri kuukuu za magari. Nimepimwa mkojo, nikaambiwa sina risasi mwilini. Niamini?

JIBU: Bado. Kwa risasi ya betri (madini, si ya bunduki) kipimo cha kutegemewa ni damu ya mshipani. Kabla ya kutolewa damu, oga na uvue ovaroli. Vumbi kidogo tu la ngozini huharibu majibu. Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kisakwe risasi ya damuni ikifikia mikrogramu 5 kwa desilita. Ila damu husimulia zaidi wiki za karibuni; risasi iliyozama mifupani hukaa miaka. Ukipimwa baada ya likizo ndefu, majibu yanaweza kukudanganya. Na hiyo ovaroli ifuliwe kiwandani, wanao wasije wakala vumbi lake.