Septemba katika Miombo ya Rumonge

Msafiri atokaye Bujumbura kuelekea kusini, akishapita Kabezi na Gitaza, ambako milima imeshuka hadi kuligusa ziwa na kuiachia barabara nafasi haba, hufika Magara takriban katikati ya njia ya Rumonge, na hapo ningemnasihi alale usiku wa kwanza. Si kwa sababu ya msitu, kwani haupo, bali kwa kuwa alfajiri ya ufukweni huyafunza macho kutulia: mdiria mwenye madoa hupiga mbawa pahala pamoja angani kabla ya kujitosa majini, na furukombe hulia mtini huku mitumbwi ya ndagala ikirejea, taa zake zimezimwa.

Wageni wa Ulaya aghalabu huuliza majira ya kuchipua ni lini huku, kana kwamba nchi isiyo na theluji haina uchipuzi. Upo, walakini haungoji mvua, huitangulia. Kiangazi kilichoanza Juni kikikaribia kwisha, miombo ya hifadhi za Rumonge na Vyanda, iliyokwisha kupukutika, huvaa majani machanga mekundu na mengine ya rangi ya shaba, hali ardhi ingali kavu. Majani hayo huleta viwavi, na viwavi huleta ndege; ndipo Septemba hadi mwanzo wa Oktoba pakawa na heri, wakati uo huo mbayuwayu na keremkerem wa Ulaya wakianza kuwasili, wakiikimbia baridi ya kwao.

Ndani ya miombo mtu aweza kutembea nusu saa asisikie mlio hata mmoja, akadhani amedanganywa. Ndege wa huko huenda kwa misafara, jinsi nyingi pamoja: kigogota akigonga magome, na mramba mweusi akifuata nyuma ili awanase wadudu waliofurushwa na wenziwe. Basi usiwafukuze, keti kivulini, wangoje wakupitie. Mimi, niliye mwingi wa haraka, nilikawia sana kulikubali jambo hili.

Msitu wa Kigwena, kusini mwa Rumonge kwenye njia ya Nyanza-Lac, ni mzito na wenye giza, na ndege wake husikiwa kuliko kuonekana. Asubuhi moja yatosha. Njiani itazame michikichi, kwani yupo tai mweupe mwenye mbawa nyeusi ambaye, kinyume cha ada ya jamaa zake, hula nyama ya chikichi.

Idhini ya kuingia hifadhini iombe mapema kwa OBPE, idara ya serikali ihifadhiyo mazingira, na umchukue mlinzi awe kiongozi wako. Sokoni Rumonge Kiswahili kitakufaa. Vilimani anza kwa “Amahoro”. Chukua maji ya kutosha, na tafadhali usikawie hadi Novemba: mvua huwa imeshika, majani yameziba, na ndege husikika tu.