MASAFA MATUPU YA TELEVISHENI

Katika nchi ya vilima kama yetu ya Ileje, si ajabu kumwona mtu akipanda juu ili simu yake ipate mtandao. Somo hili laeleza njia moja ya kuushusha mtandao mabondeni, ambayo jirani zetu wamekwisha kuijaribu.

Kwanza tufahamu wimbi la redio. Mwendo wake ni kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukiugawa mwendo huo kwa idadi ya mitetemo ya sekunde moja, wapata urefu wa wimbi. Vifaa vingi vya Wi-Fi hutumia megahezi 2,400, na wimbi lake ni sentimita 12.5 tu. Televisheni hutumia megahezi 470 mpaka 694. Kwa megahezi 500, wimbi ni sentimita 60. Wimbi refu hupinda zaidi likutanapo na ukingo wa kilima, tena hupenya majani ya miti na kuta kuliko lile fupi. Lakini tusidanganyane: mlima mkubwa huyazuia yote mawili.

Je, nafasi yatoka wapi? Zamani kila stesheni ya televisheni ilishika chaneli nzima yenye upana wa megahezi 8. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na katika mfumo wa dijitali chaneli moja hubeba stesheni nyingi. Basi huku shamba zabaki chaneli ambazo hakuna azirushaye. Hizo ndizo masafa matupu. Chombo cha mtandao hakijichagulii ovyo. Huliarifu daftari kuu lililomo katika kompyuta mahali kilipo, nalo humjibu chaneli zipi zi wazi na atumie nguvu kiasi gani, ili watazamaji wa televisheni wasisumbuliwe.

Mwaka 2013 kazi hii ilifanywa karibu na Nanyuki, Kenya, kwa jina la Mawingu. Kampuni ya Microsoft na wenzake walitumia umeme wa jua, na Shule ya Sekondari ya Gakawa ilikuwa miongoni mwa shule zilizounganishwa. Mwaka huo huo Microsoft na COSTECH walitangaza jaribio la Dar es Salaam kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo. Huko Zomba, Malawi, walimu wa fizikia wa Chancellor College wakaiunganisha Shule ya Sekondari ya Wasichana ya St. Mary's. Hao ndio wanipendezao zaidi, maana mitambo waliisimamia walimu.

Mbona basi hatuoni minara hiyo kila kijiji? Vyombo vyake havitengenezwi kwa wingi kama simu, kwa hiyo bei haishuki. Tena makampuni ya simu nayo huyataka masafa ya jirani: mwaka 2018 TCRA ilipiga mnada masafa ya megahezi 700. Na hata mnara ukisimama, lazima upate mtandao kutoka mahali fulani, kwa waya au kwa mnara mwingine, na mtandao huo hulipiwa.

Zoezi kwa wanafunzi wa Fizikia: mnara warusha kwa megahezi 600. Tafuta urefu wa wimbi, kisha robo yake, ambayo ndiyo urefu wa waya wa antena nyepesi. Kata waya huo. Ukipima kwa rula ukakuta sentimita 12 na nusu, hesabu yako ni sahihi.