Somo: Ajali Barabarani na Dawa Iliyopimwa

Matatu ikipinduka kila mtu pale anakuwa daktari. Huyu anamnywesha majeruhi maji, yule anamkalisha kwa nguvu. Nia ni njema, lakini nia si dawa.

Hata madaktari waliwahi kukosea. Kwa zaidi ya miaka 30, wengi walioumia kichwa walipewa dawa za steroidi. Mwaka 2004 utafiti wa wagonjwa 10,008 ulitoa jibu: kati ya kila 100 waliopewa, walikufa kama 21 katika majuma mawili, wasiopewa, 18. Dawa iliyoaminiwa ilikuwa inaua!

Mwaka 2010 utafiti mwingine, wa watu zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha kwamba asidi ya traneksami, dawa ya bei nafuu ya kupunguza kuvuja damu, huokoa maisha. Lakini itolewe ndani ya masaa 3 tangu kuumia. Ikichelewa, inaweza kudhuru.

Basi sisi tufanye nini?

1. Kandamiza jeraha linalovuja damu kwa kitambaa safi, wala usiachilie.
2. Usimpe majeruhi chakula wala kinywaji.
3. Mkimbeba, kichwa na shingo visipinde.
4. Mfikisheni hospitali upesi, na mmwambie daktari ajali ilitokea saa ngapi.

Swali la kikundi: Ajali ikitokea usiku hapa kwetu, ni gari la nani litakalobeba majeruhi? Kubalianeni leo, kabla haijatokea.