Mafunzo Niliyopata kwa Filamu za Asia

Kwa wengi wetu tuliokulia pwani, Asia ya filamu ilikuwa nyimbo na machozi ya Bombay, au mateke ya Hong Kong. Mother India ya mwaka 1957 iliwaliza mama zetu. Bruce Lee aliwapa vijana kitu cha kuigiza uwanjani. Nazipenda filamu hizo hadi leo. Lakini zilizonibadilisha ni nyingine, zenye watu wadogo na shida ndogo, na haya ndiyo niliyojifunza kwazo.

1. Daftari moja linatosha kubeba filamu nzima

Mwaka 1987 Abbas Kiarostami wa Iran alitoa Where Is the Friend's House? Ahmad, mtoto wa shule katika kijiji cha Koker, anafika nyumbani na kukuta amechukua daftari la mwenzake pamoja na lake. Mwalimu amekwisha kumwonya mwenzake huyo kwamba siku nyingine akileta kazi isiyoandikwa ndani ya daftari atafukuzwa. Basi Ahmad anataka kulirudisha. Rafiki anakaa Poshteh, ng'ambo ya kilima, na Ahmad haijui nyumba. Kisa ni hicho tu.

Moyo ulinidunda kuliko katika filamu yoyote ya majambazi. Ahmad anamweleza mama yake, anamweleza tena, na kila mara anajibiwa kwamba afanye kazi ya shule kwanza, ambembeleze mtoto, akanunue mkate. Babu yake anamtuma sigara ilhali anazo mfukoni. Anataka mtoto azoee kutii, na anamweleza hivyo mzee mwenzake bila kuona haya. Babu wa aina hiyo tunamjua. Alitulea, tukamheshimu, na hatukupata nafasi ya kumwambia kwamba siku ile tulikuwa na jambo la haraka kweli. Kiarostami alitupa nafasi hiyo. Tangu niione filamu ile, mtoto akinijia na neno lake namsikiliza hadi alimalize.

2. Hadithi inaweza kuumiza bila kuwa na mtu mbaya

Katika Tokyo Story ya Yasujiro Ozu, iliyotoka mwaka 1953, wazee wawili wanasafiri kutoka Onomichi kwenda kuwatembelea watoto wao Tokyo. Mmoja wa watoto ni daktari, mwingine ana saluni. Hawawatukani wazazi, hawawanyimi chakula. Wana kazi tu. Mwishowe wanachangishana fedha kuwapeleka wazee mji wa mapumziko wa Atami, ambako kelele za usiku zinawanyima usingizi. Anayeomba ruhusa kazini ili awatembeze mjini ni Noriko, mkaza mwana wao, ambaye mumewe alipotea vitani.

Nilingoja Ozu amhukumu mtu, na hakumhukumu yeyote. Hata binti anayedai nguo za mama yake mara tu baada ya kumzika anaonekana kama tunavyoonekana sisi katika misiba yetu: amelia kweli, na sasa anawaza treni ya kurudi. Mdogo wake wa mwisho anakasirika, na Noriko ndiye anayemtuliza na kuwatetea ndugu zake. Nadhani hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu inamwondolea mtazamaji raha ya kulaumu. Nilibaki nikiwafikiria wazazi wa kwetu wanaopanda basi kuja Dar es Salaam na kapu la maembe, wakaachiwa televisheni mchana kutwa hadi wenyeji warudi kutoka kazini.

3. Msimu hauharakishwi

Satyajit Ray alianza kupiga filamu ya Pather Panchali mwaka 1952 akiwa mfanyakazi wa kampuni ya matangazo huko Kolkata. Mpiga picha wake, Subrata Mitra, hakuwa amewahi kupiga filamu. Fedha zilikatika mara kwa mara, na kazi ikakamilika mwaka 1955 baada ya serikali ya West Bengal kuingilia kati. Sehemu inayopendwa zaidi, ile ya Apu na dada yake Durga wakikimbilia kuona treni kati ya maua meupe marefu, ilipigwa nusu tu siku ya kwanza. Waliporudi kuimalizia, ng'ombe walikuwa wameyala maua yote. Ray alingoja yachanue tena mwaka uliofuata.

Naona subira hiyo ndani ya filamu yenyewe. Umaskini wa familia ya Apu hauelezwi na mtu. Unauona katika sari ya mama, katika ukuta uliobomoka, katika shangazi mzee anayefukuzwa akiwa na fungu lake la nguo.

4. Maumivu makubwa yanaweza kuachiwa muziki

Katika filamu hiyohiyo baba anarudi safari na zawadi, bila kujua kwamba Durga amekufa. Anamkabidhi mama sari aliyomnunulia binti. Mama anafungua kinywa kulia na sauti yake haisikiki. Badala yake unapanda muziki wa Ravi Shankar. Sijaona kilio kingine kinachokaribia hicho.

5. Anayewapiga watu picha ana deni kwao

Mira Nair alipotengeneza Salaam Bombay! mwaka 1988 aliwachukua watoto wa mitaani wenyewe, akawafundisha kuigiza, kisha mapato yakasaidia kuanzisha Salaam Baalak Trust, taasisi inayowahudumia watoto kama hao hadi leo. Afrika Mashariki inamjua kwa karibu: ameishi Kampala miaka mingi, na mwaka 2004 alianzisha Maisha, mpango wa kufundisha watengenezaji filamu wa ukanda wetu. Natamani kila anayekuja kupiga picha Tandale au Kibera aulizwe swali moja: watu hawa watabaki na nini ukishaondoka?

6. Uhai nao ni habari

Juni 1990 tetemeko liliua makumi ya maelfu ya watu kaskazini mwa Iran, Koker ikiwemo njiani mwake. Kiarostami alirudi, na mwaka 1992 akatoa And Life Goes On: mtengeneza filamu na mwanawe wanaendesha gari kati ya magofu wakiwatafuta watoto walioigiza katika ile ya daftari. Wanakutana na kijana aliyeoa mara tu baada ya maafa, na mtu anayefunga antena ili waliobaki watazame Kombe la Dunia. Kiarostami hawaoni kuwa hawana adabu kwa wafu. Nimezika watu, najua kwamba matanga yakiisha mtu hutafuta redio, na nilishukuru kuliona jambo hilo likitendewa haki.

Anayetaka kuanza, namshauri asianze na Ozu. Aanze na Children of Heaven ya Majid Majidi, ya mwaka 1997, kuhusu kaka na dada wanaogawana jozi moja ya viatu. Aitazame na watoto wa nyumbani na awasomee maandishi ya tafsiri. Kisha daftari, kisha Pather Panchali. Tokyo Story aiweke kwa jioni ambayo wazazi wake, kama bado wapo, anaweza kuwapigia simu.